Bangili za Mama na Sufuria ya Awendo



Barua nyingi zinazofika katika ukurasa huu zauliza swali moja: nifanye biashara gani ndogo, nikiwa nyumbani na watoto, itakayonipatia faida? Leo nitajibu kwa kisa cha nyumbani kwetu, na mwenye kosa ndani yake ni mimi mwenyewe.

Mdogo wangu aliolewa Awendo, mji wa miwa katika kaunti ya Migori, kando ya barabara kuu itokayo Kisii kwenda Isebania, mpakani mwa Tanzania. Mumewe ni fundi wa matrekta yanayovuta miwa. Baada ya kujaaliwa mtoto wa pili, alinipigia simu akasema angependa kuwa na chumo lake. Mtaji alikuwa nao: bangili mbili za dhahabu alizoachiwa na marehemu mama yetu. Nami, bila ya kufikiri sana, nikamwambia, "Ziuze, nikununulie mabuibui na mitandio hapa Mombasa. Huko hakuna anayeuza, soko lote litakuwa lako."

Bangili zikauzwa. Mabuibui arubaini yakapakiwa kwenye basi, yakapitia Nairobi na Kisii hadi kwake. Kwa muda wa miezi tisa aliuza kumi na sita, mengi yake katika siku za mwisho za Ramadhani, na matano kati ya hayo kwa mkopo. Waislamu wa mji ule ni wachache, na mwanamke aliyenunua buibui mwaka huu hana haja ya jingine mpaka lile lichakae. Ni kweli kwamba hapakuwa na aliyeuza. Sababu yake sikuiuliza.

Pengo la soko lahitaji mambo matatu: kuwe na watu wenye haja ya kitu, wawe na fedha za kukilipia, na wawe hawakipati. Mimi nililitazama hilo la tatu peke yake, tena kwa mbali, nikiwa nimeketi barazani kwangu.

Alipoona mabuibui hayatoki, akageukia mahamri. Hapa alifuata shauri tulilolizoea, kwamba mtu afanye analolijua. Mahamri anayajua, wallahi; hata mama alimpa sifa hiyo mbele yangu. Lakini nazi hutoka huku kwetu, ni nzito, na nauli yake huingia katika bei. Mteja wa stendi huona donge la unga lililokaangwa, na jirani analo la bei nafuu, tena kubwa zaidi. Aliyaacha baada ya wiki sita. Wakati huo walikuja watu wa mikopo ya vikundi, fedha tayari mkononi, marejesho kila juma pamoja na riba. Alikataa, na ninamshukuru Mungu kwa hilo, kwani kama angaliingia, leo ningekuwa ninaandika kisa kingine.

Mlango ulifunguka mahali ambapo hakuna kati yetu aliyepatazamia. Jirani yake, mama wa Kijaluo, alifiwa na mkwewe. Mdogo wangu akaenda kumpa pole, kama ilivyo haki ya jirani. Jikoni akawakuta wanawake wanahangaika na mchele wa watu mia mbili: chini umeungua, juu haujaiva. Akaomba mwiko. Mnyama alikuwa amechinjwa na Mwislamu, hivyo hakuwa na shaka na nyama. Akakaanga vitunguu mpaka vikawa na rangi ya kahawia, akatia viungo, akapima maji, akapalia makaa juu ya kifuniko kama tufanyavyo arusini. Kabla ya jua kutua, wanawake watatu walikuwa wamemwuliza, kila mmoja kwa wakati wake, kama angekubali kuwapikia na angetaka malipo gani.

Hapo ndipo hesabu ilipobadilika, nami nakuombeni muitazame kwa utuvu. Nyanza ya Kusini ni nchi ya mikusanyiko mikubwa: matanga, arusi, harambee, sherehe za shule. Mchele hupikwa kila mahali, ila pilau iliyochambuka ya watu mia tatu ni ufundi. Mwenye shughuli ndiye anunuaye mchele, nyama na kuni. Mdogo wangu hulipwa ujira wa kupika kwa kila kilo, hivyo hana bidhaa ya kumwozea wala ya kumlalia. Masufuria hukodi. Viungo vyake, yaani bizari ya pilau, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, ni vyepesi na vikavu, na kifurushi kimoja cha basi kutoka Mombasa chamtosha miezi. Nazi ilimshinda kwa uzito, viungo havikumshinda.

Kuna jambo jingine ambalo mimi wa pwani nisingelijua. Katika mji wa miwa, fedha haziji kila mwezi. Muwa huchukua mwaka na nusu hivi kukomaa, kisha mkulima husubiri malipo. Mwaka 2023, miwa iliyokomaa ilipopungua, serikali ilisimamisha usagaji katika viwanda vingi vya magharibi mwa Kenya kwa miezi kadhaa, na mafundi wa matrekta kama shemeji yangu walijua maana yake. Duka la nguo hutegemea mfuko wa mtu mmoja mmoja. Shughuli hulipiwa kwa michango ya ukoo mzima, wakiwamo wanaofanya kazi Nairobi na Kisumu.

Amejiwekea masharti. Hupokea arabuni ya nusu kabla ya kuwasha moto, kwa sababu baada ya mazishi kila mtu husafiri na deni hubaki bila mwenyewe. Mnyama lazima achinjwe kisheria. Na jirani wa mtaa wake akifiwa, hachukui ujira, kwani Mtume (s.a.w.) alielekeza kwamba waliofiwa wapikiwe chakula. Mimi nilidhani sharti hili litamtia hasara. Yeye anasema wengi wa wateja wake wametokea katika matanga hayo ya bure.

Nilipomtembelea, nilimkumbuka sahaba Abdurrahman bin Auf (r.a.). Alipohamia Madina, ndugu yake wa Kiansari alimtolea nusu ya mali yake. Yeye akamwombea baraka, akaomba aonyeshwe soko lilipo. Akaenda, akarudi na samli na jibini. Sisi tulibeba mabuibui kabla hatujaliona soko.

Siku ambazo hakuna shughuli, husaga viungo vya pilau na kuvifunga katika vipakiti vidogo, maana wanawake waliokula huvitaka. Faida yake ni ndogo, lakini hununua maziwa ya watoto. Anaweka akiba kidogo kidogo ili anunue bangili nyingine. Nimemwambia moja nitailipia mimi.

Mabuibui yamebaki kumi na manne, meusi, ya kimo cha wastani. Mwenye safari ya Kisii au Migori kabla ya Idi na atue Awendo.