Betri ya Gari la Haibridi Imechoka: Uikarabati au Uachane Nayo?



Unaweza kujiuliza afisa ugani anatafuta nini kwenye betri za magari. Jibu ni kwamba nyanya zako, mayai yako na vifaranga vyako vinafika gulioni kwa gari, na kati ya magari madogo ya mtumba yanayotoka Japani, ya haibridi yamo: Toyota Aqua, Prius, na zile Axio na Fielder zenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Watu wameyapenda kwa sababu yanakula mafuta kidogo. Lakini mengi yanafika yakiwa na umri mkubwa, na betri yake kubwa huanza kuchoka yakiwa mikononi mwako. Hapo ndipo unaposikia maneno haya: "Usinunue mpya, boss, ni ghali. Niachie nikukarabatie kwa bei poa."

Maoni yangu nayasema mapema. Kukarabati betri ya haibridi si wizi, na si ujinga. Lakini unapokarabati unanunua muda, hununui betri. Kwa hiyo swali la kuuliza si "bei gani?" bali ni "nanunua miezi mingapi, na ninaihitaji miezi hiyo kwa ajili gani?" Asiyejiuliza hivyo anaweza kumaliza mtaji wa msimu mzima kwenye gereji.

Kwanza, ijue betri yenyewe

Gari la haibridi lina betri mbili. Moja ni ndogo ya volti 12, kama ya gari lolote. Nyingine ni kubwa, iko chini au nyuma ya siti ya nyuma. Hiyo kubwa imeundwa kwa vipande vingi vilivyofungwa kimoja baada ya kingine. Prius za kati ya 2003 na 2015 kwa kawaida zina vipande 28, kila kimoja volti 7.2, jumla volti 201.6. Aqua ina vipande 20, jumla volti 144.

Kwa sababu vipande vimefungwa kwa mfuatano, umeme lazima upite kwenye vyote. Fikiria ng'ombe wa kulimia kwenye nira moja. Akichoka mmoja, jembe linasimama, hata kama mwenzake ana nguvu. Kipande kimoja kikidhoofika, kompyuta ya gari huona tofauti, inawasha taa ya onyo, na gari linaweza kugoma.

Na usidanganywe na anayekwambia atatoa betri kubwa ili gari litembee kwa petroli peke yake. Kwenye magari haya ya Toyota hakuna stata ya kawaida. Injini inawashwa na mota inayotumia betri hiyo hiyo kubwa. Ukiitoa, umebaki na banda la kuku lenye matairi.

Pili, usiilaumu betri kabla ya kupima

Dalili za betri kubwa kuchoka ni hizi: mafuta yanaanza kuliwa zaidi ya kawaida, mistari ya chaji kwenye dashibodi inapanda na kushuka kwa haraka, feni ya nyuma inavuma kwa nguvu, injini haizimi hata ukiwa umesimama. Lakini kuna makosa madogo yanayofanana na hayo, na yanatengenezeka kwa fedha kidogo:

- Betri ndogo ya volti 12 imekufa. Hii peke yake inaweza kuwasha taa nyingi za onyo na kulizuia gari lisiwake.
- Feni inayopoza betri kubwa imeziba kwa vumbi, nywele au pumba.
- Vibamba vya shaba vinavyounganisha vipande vimeota kutu ya kijani.

Basi, fundi akipima kwa kompyuta na kukuonyesha alama P0A80, ambayo maana yake ni kwamba betri kubwa imechoka, usitoe fedha papo hapo. Mwambie akague hayo matatu kwanza. Na fundi anayefuta tu alama ya kosa kwenye kompyuta hajatengeneza kitu. Taa itarudi, pengine ukiwa katikati ya pori na kreti za nyanya nyuma.

Tatu, ukarabati ni nini hasa?

Fundi mzuri hufungua betri, hupima kipande kimoja kimoja, hutoa vilivyokufa na kuweka vingine, kwa kawaida vilivyotolewa kwenye betri za magari yaliyochinjwa. Husafisha vile vibamba vya shaba. Kisha huchaji na kutoa chaji mara kadhaa ili vipande vyote vilingane. Kazi hiyo ikifanywa sawasawa haiishi kwa saa mbili. Inachukua siku kadhaa.

Fundi wa haraka hutoa kipande kimoja kilichokufa, anaweka kingine, anakukabidhi gari jioni. Tatizo ni kwamba vipande vilivyobaki vina umri ule ule wa kile kilichokufa. Leo kimekwenda kimoja, mwezi ujao kitakwenda cha pili. Na kile kipya ulichowekewa kikiwa na nguvu tofauti na wenzake, betri haitulii.

Hapa ndipo penye siri ya uamuzi wako: angalia hali ya vipande vilivyobaki, si kile kilichokufa. Mwambie fundi akuandikie kwenye karatasi kipimo cha kila kipande, kikiwa kimepumzika na kikiwa kimebebeshwa mzigo. Kipimo cha kupumzika peke yake hakitoshi. Kipande kinaweza kuonyesha volti nzuri kikiwa kimekaa, lakini ukikiunganisha na taa kubwa ya gari kwa dakika chache volti zinaanguka. Wewe unayenunua mahindi hununui gunia kwa kutazama juu. Unapitisha bambo mpaka katikati. Fanya hivyo hivyo kwa betri.

Nne, piga hesabu ya mwezi

Tuchukue mfano. Hizi si bei za sokoni, ni tarakimu za kujifunzia hesabu; weka zako utakazoambiwa.

Fundi wa kwanza anataka shilingi 800,000 kukarabati, na anakupa dhamana ya miezi 6. Wa pili anataka 3,000,000 kukufungia betri yenye vipande vipya vyote, dhamana miaka 2. Kwa macho, wa kwanza ni nafuu sana. Sasa gawanya kwa miezi ya dhamana. Wa kwanza ni kama 133,000 kwa mwezi. Wa pili ni 125,000 kwa mwezi. Kumbe wanalingana.

Ukarabati ukidumu mwaka mzima, gharama inashuka hadi kama 67,000 kwa mwezi. Hapo umeshinda. Ukidumu miezi minne tu, wakati wa dhamana, fundi atarudia kazi bure, lakini nani atalipa gari la kukuvuta? Nani atalipa siku nne za gulio ulizokosa na nyanya zilizooza? Kama kuvutwa ni 150,000 na kila siku ya gulio hukuingizia faida ya 50,000, umepoteza 350,000 ambazo hazimo kwenye dhamana yoyote. Mfanyabiashara wa kijijini asipoiweka gharama hii kwenye hesabu, anajidanganya.

Ndiyo maana jibu la mtu wa mjini linaweza lisikufae wewe. Yeye gari likigoma anapanda daladala na fundi yuko mtaa wa pili. Wewe fundi wako yuko makao makuu ya mkoa.

Tano, nani akarabati, nani asikarabati

Kwa mtazamo wangu, karabati ikiwa yote haya yapo:

1. Vipande vibovu ni viwili au vitatu, na vilivyobaki vinakaribiana kwa kipimo cha mzigo.
2. Betri haijawahi kufunguliwa na fundi mwingine.
3. Una lengo la muda unaojulikana, kwa mfano kumaliza msimu wa mavuno kisha ununue betri nzima au ubadilishe gari.
4. Dhamana imeandikwa, ina tarehe, jina na saini ya fundi, na inasema wazi kama ni ya betri nzima au ya vile vipande alivyoweka tu. Dhamana ya vipande viwili kati ya 28 haikusaidii kitu.

Usikarabati ikiwa vipande vingi vimedhoofika, ikiwa hii ni mara ya pili au ya tatu, au ikiwa fundi anakataa kukuonyesha vipimo. Usikarabati pia kwa fundi wa kubahatisha kama betri ni ya lithiamu, kama ile ya Honda Fit Hybrid zilizoanza kutoka 2013. Hiyo ikifunguliwa ovyo na kupigwa shoti inaweza kuwaka moto.

Katika hali hizo una njia tatu: betri yenye vipande vipya, betri nzima ya mtumba iliyopimwa, au kuuza gari. Ya mtumba nayo ina umri wake, kwa hiyo idai vipimo vile vile. Ukiuza, mwambie mnunuzi ukweli na upunguze bei. Kijijini tunauziana sisi kwa sisi. Ukimuuzia jirani gari ambalo umefuta taa ya onyo jana, kesho hatanunua hata mahindi yako.

Jambo jingine ni la fedha. Usichukue mkopo wa VICOBA wa miezi mitatu kulipia ukarabati ambao hujui kama utafika miezi mitatu. Na usiuze ng'ombe wa maziwa kuokoa gari ambalo faida yake kwa mwezi ni ndogo kuliko maziwa ya ng'ombe huyo. Gari ni chombo cha kazi. Kama halijilipi, hata betri mpya haitaliokoa. Ukiweza, fanya matengenezo haya kipindi ambacho mazao hayajakomaa, usingoje wiki ya mavuno, kwa sababu mwenye haraka hana nguvu ya kupatana bei.

Betri ya zamani nayo ina thamani. Mafundi huchambua vipande vizima na kuviuza. Usiiache gereji bure. Omba ipunguzwe kwenye bei. Wala usiirudishe nyumbani na kuitupa shambani au karibu na kisima. Ndani yake kuna metali na kimiminika kinachounguza ngozi na macho.

Sita, ukishakarabati, itunze

Adui mkubwa wa betri hii ni joto. Inapozwa na feni inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, kupitia tundu lenye vyandarua vya plastiki karibu na siti ya nyuma. Sasa tazama sisi tunavyopakia: magunia mpaka kwenye dari, mifuko ya pumba, dagaa, mkaa. Tundu linazibwa, vumbi linavutwa ndani, betri inaungua polepole. Wengi wanaolalamika kwamba haibridi haifai vijijini wameiua wenyewe kwa kuinyima hewa.

Acha nafasi wazi mbele ya tundu hilo. Mizigo ya vumbi ifunge vizuri kwenye turubai. Mpe fundi asafishe feni angalau mara moja kwa mwaka, na mara mbili kama barabara yako ni ya vumbi. Usiliache gari limesimama mwezi mzima bila kuendeshwa. Na ukikwama kwenye foleni au kwenye tope injini ikiwa inafanya kazi, usiweke gia ya N kwa muda mrefu, kwa kuwa hapo betri kubwa haichajiwi. Weka P.

Mwisho, usiifungue mwenyewe hata kama umezoea kutengeneza pampu na mashine ya kusaga. Nyaya zile za rangi ya chungwa zina umeme wa kuua. Hata fundi lazima atoe plagi ya usalama, avae glovu maalumu za umeme, na asubiri dakika zisizopungua 10 kabla ya kugusa. Ukimwona anaingiza mikono mitupu mara tu baada ya kuzima gari, chukua ufunguo wako uondoke. Asiyejali maisha yake hatajali betri yako.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hata shilingi, pata karatasi ya vipimo, pata dhamana ya maandishi, kisha gawanya bei kwa miezi na uongeze siku za gulio utakazokosa. Ukishapata tarakimu hiyo, ilinganishe na faida ambayo gari linakuletea kwa mwezi. Kama faida inazidi, karabati bila woga. Kama haizidi, waache mafundi waendelee kukuita boss, wewe peleka fedha yako kwenye mbegu na mbolea.