Steringi ya Wawili

Najua umezoea ukurasa huu tukichambua wivu, mawifi na pesa ya matumizi. Mwezi huu tunaingia gereji. Usifunue kurasa mbele, shosti, na wewe kaka usijifanye unayajua yote. Mada ni ileile ya mapenzi, ila safari hii yamekaa nyuma ya usukani.

Nianze na swali: gari lenu limepimwa kwa mwili wa nani?

Nina marafiki zangu Lushoto, mume na mke, waliopata Land Rover 109 ya miaka ya sabini. Mkweche hasa! Wakaamua kuifufua kwa kuiwekea injini nyingine, viti vipya na steringi ya pawa. Kule Marekani watu wana mapenzi makubwa na kazi kama hii. Magari yao ya kale yaliyojengwa upya huitwa hotirodi. Sasa, Land Rover zile steringi haipandi wala haishuki, inakaa pale kiwanda kilipoiweka. Ukibadilisha steringi boksi, inabidi uamue upya bomba la steringi likae wapi.

Hapo ndipo palipozuka utata. Fundi alimkalisha mume kitini, akapima, akashika mashine ya kuchomelea. Mume ana futi sita, mke futi tano na ushee. Na nani anayeendesha zaidi? Mke! Yeye ndiye anayeteremsha matenga ya mboga na plamu hadi Mombo. Wanaoijua barabara ile wananielewa: kilomita kama 33, kutoka mita 1,400 hivi hadi tambarare, kona juu ya kona kupitia Soni, mlima huku, korongo kule. Ukiwa unajivuta mbele kuifikia steringi, mabega yanachoka kabla ya nusu ya njia, na kona haisubiri mtu aliyechoka.

Mke akauliza taratibu, “Baba watoto, na mimi nitapimwa lini?” Gereji nzima kimya.

Basi, ipo namna ya kupima. Kiti hufungwa kwanza, steringi hufuata. Kaa na viatu unavyoendeshea, mgongo uguse kiti. Kanyaga klachi hadi mwisho. Goti libaki limekunjwa kidogo. Kisha mwenzio aishike steringi mbele yako, aisogeze taratibu. Nyoosha mikono: vifundo vya mikono vifike juu ya duara la steringi bila mabega kuondoka kitini. Ukishika kama saa inavyoonyesha tisa na tatu, viwiko vikunjike. Toka kifuani hadi katikati ya steringi pasipungue sentimeta 25, hasa kama kuna eabegi. Mapaja yasigonge, na saa za dashibodi zionekane. Piga alama ya chaki. Halafu mpishane, mwingine naye apigiwe yake.

Alama zikiachana sana, msigombane. Tafuteni reli ndefu za kiti na bomba la steringi linalopanda na kushuka. Likivutika mbele na nyuma ndiyo bora zaidi.

Ila jamani, urahisi usiwaponze. Bomba lishikiliwe imara juu na chini. Krosi moja isikunjwe zaidi ya digrii 30 hivi, vinginevyo steringi itakuwa nzito na kukwama. Mkunjo ukizidi, ongezeni krosi na beringi ya kushikilia. Na msikubali bomba la maji lililochomelewa! Marekani ilianza kudai mabomba yanayojikunja ajalini tangu 1968, kwa sababu lile lisilojikunja humfuata dereva kifuani.

Nanyi wenye Toyota zenu za kawaida, hamjasahaulika. Magari mengi yana kitasa chini ya steringi cha kuipandisha na kuishusha. Kitumieni gari likiwa limesimama, kamwe si njiani. Mama mjamzito asogeze kiti nyuma kadiri anavyofikia pedeli, na steringi ielekee kifuani, isielekee tumboni. Na ukiazima gari la mwenzio, kurekebisha kiti si kumdharau.

Marafiki zangu waliishia kufunga bomba la kupanda na kushuka, lenye alama mbili za rangi: yake na yake. Mume alinung'unika kuhusu gharama, lakini alilipa. Ukiniuliza mimi, hiyo ina uzito kuliko kadi ya Valentine. Mwanaume anaweza kumwambia mkewe “gari ni letu” kila siku, lakini kama mke anaendesha akiwa ameketi ukingoni mwa kiti, hilo gari bado ni la mmoja.

Kwa hiyo kabla fundi hajawasha moto, kaeni kitini wote wawili. Tukutane mwezi ujao, na mwendo wa taratibu kwenye kona!