Sabuni Yetu, Mikono ya Nani?

 

Mwezi huu tuongelee sabuni. Ndiyo, sabuni ya kufulia! Siku moja mimi na shemeji yenu tulikaa kupiga hesabu za nyumba, tukashangaa jinsi sabuni inavyokula hela. Shemeji yenu akasema, "Mke wangu, kwani hii si tunaweza kutengeneza wenyewe?" Jumamosi tukaenda Kariakoo kwenye maduka ya kemikali, tukarudi na mahitaji, tukavaa fulana kuukuu na kuanza kukoroga uani. Jamani, tulicheka siku hiyo kama vile bado tuko kwenye uchumba. Ndoo ikajaa sabuni, tukajipongeza kwa soda baridi.

Wiki ya pili nikamwona dada wa kazi anashika sufuria kwa ncha za vidole. Nikamwambia anionyeshe mikono. Ilikuwa myekundu, imepasuka kwenye viungo vya vidole, ngozi inabanduka.

"Mbona hukuniambia?"

"Mama, nyie mlikuwa mmeifurahia sana sabuni yenu."

Wapenzi, usiku ule sikulala vizuri. Tulijisifu kwamba tumeokoa hela, kumbe aliyekuwa analipa ni dada, tena kwa ngozi yake. Mimi na mwenzangu hatukuwa tumefua hata soksi moja kwa sabuni ile!

Kosa letu lilikuwa nini? Tulikadiria kwa macho. Msingi wa sabuni ya maji ni salfoniki, ule ujiuji mzito wa kahawia, ambao ni asidi. Asidi hiyo inatulizwa na magadi soda meupe ya unga, yale wauzaji wanayaita soda ash. Magadi yakizidi, sabuni inakuwa kali na inanyonya mafuta yote ya ngozi. Kwa nusu kilo ya salfoniki, kinachotakiwa ni kama gramu 80 tu za magadi. Sisi tulimwaga robo kilo nzima!

Sasa tunafanya hivi:

1. Vaa glavu na miwani, kaa nje penye hewa. Tumia ndoo ya plastiki na mwiko wa mbao, siyo sufuria.

2. Weka maji lita 8 kwenye ndoo ya lita 20, kisha mimina salfoniki nusu kilo polepole huku unakoroga. Usimwage maji juu ya asidi.

3. Pima magadi gramu 80 kwa mzani, yayeyushe pembeni kwenye maji lita 2, kisha yamimine kidogo kidogo. Povu litapanda, usiogope wala usiharakishe.

4. Pima kwa karatasi za pH. Ukipata 7 au 8, umefika. Ikiwa chini, ongeza magadi kidogo. Ikiwa juu, ongeza tone la salfoniki.

5. Ongeza nusu kilo ya slesi, ile nzito inayoleta povu. Koroga, halafu weka chumvi iliyoyeyushwa, kijiko kwa kijiko, mpaka sabuni iwe nzito. Chumvi ikizidi, sabuni inarudi kuwa majimaji.

6. Iache ilale usiku mzima povu lishuke. Usiiweke kwenye chupa za maji ya kunywa hata siku moja! Andika SABUNI kwa maandishi makubwa, na ificheni watoto wasiifikie.

Dada tulimpeleka zahanati, akapewa dawa ya kupaka. Kwa wiki mbili hakugusa beseni, tulifua wenyewe. Shemeji yenu, na suti zake zote za ofisini, alikalia kigoda akasugua mashuka. Baada ya nusu saa akaangalia viganja vyake, akanyamaza. Jumatatu akarudi na jozi mbili za glavu.

Siku hizi nyumbani kwetu kuna sheria moja: sabuni mpya ikitoka, aliyeikoroga ndiye anayefua nayo kwanza. Jaribuni na nyie, wawili wawili. Mtaokoa hela na mtacheka. Ila kabla hamjajipongeza, ombeni kwanza kuona mikono ya anayewafulia.

Tukutane mwezi ujao. Mwaaah!