Njia Tunayo, Amana Je?

Mtu asimamaye pale Ipogolo, chini ya mlima wa Iringa, akayatazama malori yapandayo na kushuka usiku na mchana baina ya bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Tunduma, yamkini atadhani kwamba biashara yetu na Zambia imekwisha kutimia. Lakini sisi wa huku Tosamaganga, tulioyazoea malori hayo tangu utotoni, twajua kwamba aghalabu hubeba shaba isiyochimbwa kwetu na mafuta tusiyoyachoma sisi, nayo yakiisha kupita hutuachia moshi na mashimo ya barabara.

Udugu wetu na Zambia haukuzaliwa sokoni, bali katika dhiki. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia, nchi isiyo na pwani na ambayo shehena zake zilizoea kupitia kusini, ilijikuta imeshikwa koo. Ndipo Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walipoazimia kuigeuza njia ya bahari. Bomba la mafuta la kwenda Ndola lilikamilika mwaka 1968, na kwa mkopo wa China reli ya kilometa 1,860 ikajengwa baina ya 1970 na 1975 hadi Kapiri Mposhi. Ilikadiriwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, wala haijapata kufikia kiasi hicho. Wazee wale walitanguliza heshima na usalama. Hesabu ya faida walituachia sisi.

Na hesabu hiyo haianzi kwenye chuma wala lami, maana njia hupitisha mali, lakini kinachomrudisha mnunuzi mara ya pili ni amana. Ukame ulipoiunguza Zambia mwaka 2024, jirani alibisha hodi kwetu, tukakubaliana kumuuzia tani 650,000 za mahindi, zao ambalo nyanda zetu hizi hulijua kuliko mazao mengine yote. Ni jambo la kushukuriwa. Ila tusisahau kwamba mwaka 2011, na tena 2017, serikali yetu ilizuia mahindi yasitoke nchini, kama Zambia nayo ilivyopata kuyafungia ya kwake. Atasema mtu kwamba chakula cha wananchi hutangulia, naye hasemi uongo. Lakini zuio litangazwalo baada ya mavuno humtupia mkulima mzigo wa tahadhari ambayo serikali ingeichukua mapema kwa kujaza ghala zake, na mnunuzi aliyeukuta mlango umefungwa mwaka huu, mwakani hubisha kwingine.

Kwa hiyo twatoa rai kwamba serikali hizi mbili zikubaliane masharti ya nafaka kabla ya mbegu kuingia ardhini, zikayaheshimu hata mvua ikihini. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, kilichofunguliwa mwaka 2019, kimepunguza usumbufu wa forodha. Lakini hakuna kituo kiwezacho kumfaa mfanyabiashara asiyejua sheria ya kesho.

Wala sisi wenyewe hatuna ruhusa ya kunyoosha kidole tu. Mkulima afungaye mahindi yasiyokauka, na dalali ashindiliaye viazi kwa lumbesa, huharibu jina la wilaya nzima kwa faida ya siku moja. Basi, ndugu msomaji, kabla hujaidai serikali uaminifu, kaushe mahindi yako, na upime kwa mizani.

Mhariri
Tosamaganga