Rubani anapumua sumu, tunaambiwa ni harufu tu

Ninyi mliokimbia vita na ambao dawa na unga wenu vinaletwa na ndege ndogo, kuna jambo ambalo wenye ndege hawapendi litajwe: hewa anayopumua rubani.

Abiria akisema ananusa moshi au mafuta, mara nyingi anajibiwa: “Ni kawaida, utazoea.” Mapafu hayazoei sumu.

Mnajua mbabula. Ukiiacha inawaka ndani ya nyumba iliyofungwa, au ndani ya hema kambini, watu wanalala na hawaamki tena. Kinachowaua ni monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo hiyo inatoka kwenye bomba la moshi la mota ya ndege. Katika ndege ndogo za pistoni, kama Cessna 206, joto la ndani linatokana na hewa inayopitishwa kando ya bomba hilo. Bomba likipata ufa, sumu inaingia alipo rubani. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinamshika, akili inachoka, na bado anatafuta kiwanja katikati ya milima na mawingu. Let-410 na Caravan hazina mota za pistoni, lakini nazo zinachukua hewa ya joto kutoka kwenye mota. Mafuta ya kulainisha yakivuja humo, mvuke wake unaingia ndani.

Si hadithi. Januari 2019 ndege ndogo iliyombeba mchezaji mpira Emiliano Sala ilianguka baharini kati ya Ufaransa na Uingereza. Vipimo vya damu yake vilionyesha monoksidi ya kaboni kwa asilimia 58, kiwango kinachoweza kuua. Wachunguzi wa Uingereza walisema kuna uwezekano mkubwa kwamba rubani naye alidhurika, na wakashauri vifaa vya kugundua hewa hiyo viwe lazima.

Kama huko kwenye wakaguzi wengi yalitokea, sisi tunajiamini kwa nini? Tangu 2006 makampuni ya ndege ya Kongo yamefungiwa anga ya Ulaya kwa sababu ukaguzi wa serikali yetu ni dhaifu.

Wenye ndege watasema: mkitubana, Shabunda itakosa chumvi na Walikale itakosa dawa. Huko ni kututisha kwa njaa yetu wenyewe. Hakuna anayeomba ndege zisimame. Kifaa hicho kinaingia mfukoni, na bei yake ni ndogo sana mbele ya bei ya kukodi ndege safari moja.

Kwa hiyo tunadai. Serikali ilazimishe kifaa hicho katika kila ndege ndogo, na mabomba ya moshi yakaguliwe kweli, si kwa muhuri tu. Mashirika ya misaada yanayokodi ndege yaulize kifaa kabla ya kusaini. Na rubani anayesema “leo siruki, kuna moshi” asifukuzwe kazi. Akizimia angani, nani atashika usukani?

Tarehe 24 Novemba 2019 ndege iliangukia nyumba za watu Mapendo, hapa Goma. Sisemi moshi ndio ulioiangusha. Nasema tuliona kwamba ndege ikianguka, haichagui aliyelipa tiketi.