Kuku wa Kichina kwa Njugu Mawe

Wachina huchemsha kuku taratibu kwa sosi ya soya pamoja na kokwa tamu zenye wanga ziitwazo chesinati. Huku Same hatuzipati sokoni. Sisi hutumia njugu mawe, nazo zina wanga na huvumilia moto.

Loweka njugu kikombe 1 usiku kucha, chemsha hadi zilainike. Katika mafuta kidogo yeyusha sukari kijiko 1 cha chakula mpaka iwe kahawia (usiondoke, huungua upesi!). Tia kuku 1 aliyekatwakatwa, geuza, kisha tangawizi ya kuponda. Ya Mamba Miamba ni kali; kipande kama dole gumba kinatosha. Mimina sosi vijiko 2 vya chakula na maji yamfunike kuku. Kuku wa kienyeji huhitaji saa 1 na nusu, moto mdogo. Njugu zitie dakika 20 za mwisho.

Chumvi usiongeze. Vijiko hivyo 2 vina gramu 5 hivi za chumvi, na Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe kiasi hicho kwa siku nzima. Kliniki tunawaona wagonjwa wa shinikizo la damu walioacha chumvi ya kopo lakini sosi wanaimimina. Kama baba ana shinikizo, mpakulie nyama na njugu; mchuzi kidogo tu.