Saratani ya Utumbo Mpana: Muda Tulio Nao Tusiupoteze

Saratani ya utumbo mpana huzungumzwa mara nyingi kana kwamba ni ugonjwa unaomwangukia mtu ghafla. Mgonjwa hufikishwa hospitalini utumbo ukiwa umeziba au ini likiwa limekwisha kuvamiwa, na ndugu zake hushangaa kwa kuwa juzi tu alikuwa mzima. Elimu ya seli inatueleza vinginevyo. Kwa maoni yangu, elimu hiyo yapasa kubadili namna tunavyompokea kila anayelalamika kwamba anatokwa damu aendapo haja kubwa.

Seli za utando wa utumbo hufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku chache. Ili kazi hiyo ifanyike kwa kiasi, seli huhitaji protini za kuamuru ukuaji, na huhitaji vilevile kuzivunja amri inapokwisha. Protini inayopaswa kuondolewa hutiwa alama ya protini nyingine ndogo, ubikwitini, kisha huingizwa katika proteasomu, kinu kinachoitwanga vipande vipande. Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004 kwa kuugundua utaratibu huo.

Miongoni mwa protini zinazovunjwa hivyo ni beta-katenini, ambayo huihimiza seli kugawanyika. Jeni iitwayo APC hutengeneza protini inayosaidia kuikamata na kuitayarisha kutiwa alama. Katika takriban visa 8 kati ya 10 vya saratani hii, jeni hiyo imeharibika. Hapo beta-katenini hulimbikizana, amri ya kugawanyika haikomi, na kijinyama huanza kuota. Hata hivyo, kasoro nyingine lazima ziongezeke kabla kijinyama hicho hakijawa saratani, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miaka 10 hivi au zaidi.

Miaka hiyo ndiyo fursa yetu, kwani kijinyama kikionekana kwa kolonoskopi hukatwa na hatari yake huisha. Wapo wanaoweka tumaini lao katika dawa. Ni kweli kwamba bortezomibu, inayozuia proteasomu, iliidhinishwa Marekani mwaka 2003 kutibu myeloma; lakini kwa saratani ya utumbo mpana haikuleta manufaa ya maana, na dawa ya kurejesha uvunjaji wa beta-katenini haijaingia katika tiba ya kawaida. Wala dawa za kusafisha tumbo zinazouzwa mitaani hazisaidii: huharisha kilichomo utumboni, lakini uchafu tunaouzungumzia umo ndani ya seli, mahali zisipofika.

Nitajibiwa kwamba mashine za kolonoskopi ni chache, na kwamba wengi wanaotokwa damu kweli wana bawasiri. Yote mawili ni sahihi. Lakini bawasiri na uvimbe vyaweza kukaa kwa mtu mmoja, na kukiona kimoja si kukikanusha kingine. Kidole ndani ya glavu hugusa uvimbe ulio karibu katika puru. Kipimo cha hemoglobini hufichua damu inayopotea kimya kimya. Swali kuhusu ukoo nalo lina uzito wake: aliyerithi kasoro ya APC huweza kuota mamia ya vijinyama tangu ujana, na asipofanyiwa upasuaji, karibu hakika atapata saratani, mara nyingi kabla ya kufikisha miaka 40. Kwa hiyo ujana pekee usitutulize.

Hatua hizo tatu zawezekana hata katika kituo kidogo cha afya, na ndizo zitakazotuonyesha nani apewe rufaa kwanza, ili mashine chache tulizo nazo ziwafae wanaozihitaji zaidi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mhudumu asiandike neno bawasiri kabla ya kuuliza, kupima na kuchunguza. Nawe mgonjwa, usione haya kutaja damu uliyoiona chooni, au choo kilichobadilika kwa majuma kadhaa bila sababu. Ukipewa dawa ya bawasiri na damu ikaendelea, rudi, useme wazi kwamba haijakoma, na uombe kuchunguzwa tena.